Nani hasa anapanga bei ya korosho ya Tandahimba?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, nina ekari sita nilizoachiwa na baba. Mwanangu anasoma chuo kikuu Dar es Salaam. Amerudi likizo, na kila jioni anabishana na mjomba wake. Mtoto anasema umaskini wetu umetengenezwa: kuna nchi za katikati na nchi za pembezoni, na sisi wa pembezoni tunatoa jasho ili wa katikati wale. Mjomba wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kubangua mpaka kikafungwa. Yeye anasema hayo ni maneno ya kujifariji, kinachotuua ni uvivu na viongozi wetu. Mimi sijui nimwamini nani. Bei yangu inapangwa na nani hasa? Kwa nini Vietnam wabangue sisi tuuze ghafi? Tukigoma kuuza nchi nzima, si watakuja kutupigia magoti? Na la mwisho, kikundi chetu cha akina mama kimeletewa habari ya mkopo wa mashine ya kubangua. Tuchukue?"*

Dada yangu, umeleta maswali manne, lakini naona yote yanatoka kwenye donda moja. Unapalilia, unapogolea, unapuliza salfa, unaokota, unakausha, unapeleka ghalani. Halafu siku ya mnada mtu usiyemjua, aliye nchi usiyoijua, anataja namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi chuoni. Unataka kujua namba hiyo imezaliwa wapi. Ni haki yako kuuliza, na wala huhitaji digrii ili uelewe jibu.

Tuanze na mtu unayemfahamu: kangomba, mlanguzi wa korosho.

Mwezi wa nane mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Unga umekwisha ndani, mgonjwa anataka dawa, salfa ya awamu inayofuata haijanunuliwa. Anakuja kijana na pikipiki, fedha anazo mkononi. Anakupa leo, utamlipa kwa korosho mwezi wa kumi, kwa bei anayoitaja yeye na kwa bakuli lake mwenyewe. Unajua kabisa kwamba unapunjwa, na unakubali. Sasa jiulize nguvu ya kijana huyo iko wapi. Hana bunduki, hana cheo, pengine hata shule hakukuzidi. Amekuzidi kitu kimoja tu: yeye anaweza kungoja mpaka mwezi wa kumi, wewe huwezi kungoja mpaka Ijumaa. Wazee walisema mwenye njaa hana miiko, na kangomba anaendesha maisha yake kwa methali hiyo.

Uhusiano wa nchi za katikati na za pembezoni, ukiuvua joho la kisomi, ndio huo huo. Mwenye nguvu ni yule anayeweza kusema "sitaki" leo na kesho akaamka salama.

Maneno anayoyatumia mwanao yana wenyewe. Raúl Prebisch alikuwa Mwargentina, mkuu wa kwanza wa benki kuu ya nchi yake, mtu wa tai na hesabu. Mwaka 1949, akiiandikia tume ya Umoja wa Mataifa ya Amerika ya Kusini, alieleza kwamba nchi zinazouza mazao ghafi hujikuta, miaka ikipita, zikitoa mazao mengi zaidi ili zipate mashine ile ile. Mwalimu Nyerere alipenda kulieleza jambo hilo kwa katani: ni tani ngapi zinanunua trekta moja leo, na zilikuwa ngapi miaka michache nyuma. Walter Rodney, mtu wa Guyana, alikuwa akifundisha chuo kikuu pale Dar es Salaam mpaka 1974, na enzi zile hoja za namna hii zililiwa mlimani asubuhi, mchana na jioni. Mwaka huo huo wa 1974 Mmarekani Immanuel Wallerstein akaongeza kundi la tatu: nchi zilizo kati kwa kati, zinazonyonywa na walio juu huku nazo zikinyonya walio chini. Kundi hilo ndilo linalokugusa wewe, kwa sababu wanaogombania korosho zako mnadani wengi wao wanazipeleka India na Vietnam, wala si Ulaya.

Hapo mwanao anahitaji kurekebishwa kidogo. Vijana wakilisoma somo hili wanapata picha ya wazee wamekaa chumbani London wanapanga namna ya kumkomoa mkulima wa Tandahimba. Chumba hicho hakipo, na kama kingekuwepo kazi yetu ingekuwa rahisi sana. Kinachokubana hakihitaji mtu mbaya.

Tazama. Mkorosho hauambiwi mwaka huu usizae. Bei ikianguka, kiwanda cha matrekta kinapunguza uzalishaji na kusubiri. Wewe mwaka unaofuata unaongeza miche ili ufidie pengo, na mwenzako wa Newala anaongeza, na wa Masasi, na wa Ivory Coast ambako wanavuna kuliko nchi yoyote duniani. Mkishaongeza wote, bei inashuka tena. Halafu mlaji. Mtu wa Chicago akiongezewa mshahara maradufu hatakula korosho maradufu, tumbo ni lile lile. Atanunua simu mpya na gari jipya, vitu ambavyo sisi hatutengenezi. Wauzaji ni mamia ya maelfu ya kaya, wanunuzi wa maana wanahesabika. Na gharama zako nazo zinatoka kwao. Salfa ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, inaagizwa kutoka nje kwa dola. Gunia la juti unalowekea korosho linatoka Bangladesh au India, na sisi ndio nchi ambayo wakati mmoja iliongoza dunia kwa katani! Kila nikiona magunia yale yanashushwa bandarini Mtwara hucheka peke yangu, na si kwa furaha.

Basi bei yako inapangwa hivi. Mnunuzi anaanzia mbali: korosho iliyobanguliwa inauzwa kiasi gani Ulaya, Marekani na India kwenyewe. Anatoa gharama ya kubangua, meli, bima, riba ya mkopo wake na faida anayoitaka. Anaangalia sampuli yako: gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini. Anauliza Afrika Magharibi wana akiba kiasi gani. Kinachobaki ndicho anachokuandikia. Yaani bei ya shambani ni makombo ya hesabu iliyoanzia mezani kwa mtu mwingine, na aliye mwisho wa mstari ndiye anayebeba kila mshtuko ulioanza mbele: dola ikipanda, mafuta ya meli yakipanda, walaji wakihamia kwenye lozi.

Lakini usitoke hapo ukiwa umekata tamaa, maana tuna karata moja nzuri ambayo husikii ikisemwa. Sisi tunavuna Oktoba mpaka Januari, wakati Afrika Magharibi wao huanza Februari hivi. Kwa miezi michache viwanda vya Asia vinakuwa na njaa, na korosho mbichi ya msimu mpya iko kwetu. Ndiyo sababu minada ya mwanzo mara nyingi huwa minono. Wakati huo, kwa kitambo kifupi, asiyeweza kungoja ni yeye.

Sasa, swali lako la kugoma. Tuliwahi kulijaribu, au kitu kinachofanana nalo. Msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo na tukavuna zaidi ya tani 300,000. Msimu uliofuata soko la dunia likaanguka, wanunuzi wakaja na bei ambazo nyingine hazikufika 2,000, wakulima wakazikataa. Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaingia vijijini kuzibeba. Wewe ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia shangwe ya siku ile. Wala sina haja ya kukusimulia yaliyofuata: uhakiki, watu kusubiri malipo miezi na miezi, shehena kukaa ghalani, na mnunuzi wa mara moja asipatikane.

Wako wanaolisema tukio lile kama ujinga mtupu. Mimi sisemi hivyo. Hasira ilikuwa halali na wazo la kukataa bei ya dhuluma lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni uwezo wa kungoja. Korosho ghafi ikikaa inapoteza unyevu na ubora. Uwezo wetu wa kubangua ulikuwa mdogo mno kwa mlima ule. Na Februari ilipofika Afrika Magharibi wakaanza kuvuna, karata yetu ikaisha. Mnunuzi hakuhitaji kutupigia magoti. Alihitaji kalenda tu. Halafu kuna jambo la ndani zaidi: mtu akikosa korosho hafi, anakula karanga. Nchi zenye mafuta ziliweza kugoma mwaka 1973 na dunia ikatetemeka, kwa sababu bila mafuta gari halitembei. Hatuko kwenye daraja hilo.

Kwa nini Vietnam? Hapa ndipo mjomba ataanza kutabasamu, nami namwomba asitabasamu mapema.

Nilipokuwa mdogo bibi yangu alibangua korosho uani, Mahuta, kwa debe kuukuu lililotobolewa matundu. Debe kwenye mafiga, moto chini, anakoroga kwa mti mrefu huku uso ameugeuza pembeni. Mafuta ya ganda yanashika moto, moshi mweusi unapanda mpaka majirani wanafunga madirisha, kisha anazimwaga mchangani na sisi wajukuu tunazipasua moja moja kwa jiwe. Vidole vilitoka malengelenge, maana mafuta yale yanaunguza ngozi. Zilizotoka nzima ziliwekwa kwenye ungo kwenda kuuzwa stendi. Vipande tulikula wenyewe. Kumbuka huo ungo, tutaurudia.

Ujuzi basi tulikuwa nao. Na viwanda tulijengewa. Miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua zaidi ya kumi, vingi huku kwetu kusini, kwa mitambo ya Kijapani na ya Kiitaliano. Mavuno yalikuwa yamefika tani 145,000 msimu wa 1973/74. Vilipokamilika, korosho hazikuwepo: watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, ubwiri unga ukaingia, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Deni la mashine likabaki palepale, kwa fedha za kigeni. Viwanda vikabinafsishwa, na baadhi vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli. Kama mjomba alifungiwa kimojawapo, ana haki ya kusema viongozi wetu waliharibu. Ila aseme na nusu ya pili: nani alichora hesabu za mkopo ule, na kwa nini hasara ilibaki kwetu peke yetu?

Avuke na Ruvuma kidogo. Msumbiji nao walikuwa wakibangua. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliwawekea sharti la kupunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima atapata bei nzuri. Viwanda vikakosa malighafi, vikafungwa kimoja baada ya kingine, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani, wengi wao wanawake. Wanauchumi waliokuja baadaye kupiga hesabu wakakuta kwamba kaya ya mkulima ilikuwa imeongezewa kama dola tano kwa mwaka. Dola tano! Msumbiji haikuweza kusema "sitaki" kwa sababu ilikuwa imetoka vitani mwaka 1992 na ilikuwa ikiishi kwa misaada. Kangomba alikuja mwezi wa nane.

Sasa Vietnam. Ilipigwa mabomu mpaka 1975, ilikuwa maskini kama sisi, na mwanzoni nayo iliuza ghafi. Leo inaongoza duniani kwa kusafirisha korosho iliyobanguliwa, na korosho nyingi inazobangua inazinunua Afrika na Kambodia. Walifanyaje? Karakana zao ziliunda mashine zao wenyewe, za bei nafuu, wakazirekebisha kila mwaka, na sasa wanatuuzia sisi mashine hizo. Walianza na mavuno yao, wakazoea kazi, kisha wakanunua ya wengine. Umeme, bandari na mikopo yao vilimruhusu mwenye kiwanda anunue ghafi ya mwaka mzima ndani ya msimu mmoja na kuibangua polepole. Huko India, mji wa Kollam ulikuwa ukibangua korosho za Afrika tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili kwa mikono ya wanawake wa ujira mdogo, na leo viwanda vingi vya Kollam vimefungwa kwa kushindwa na Vietnam hao hao. India inajilinda: ghafi inaingia kwa ushuru mdogo, iliyobanguliwa inapigwa ushuru mkubwa. Maana yake malighafi yako inakaribishwa sebuleni, bidhaa yako inasimamishwa mlangoni.

Kwa hiyo umaskini wa pembezoni si laana, Vietnam ni ushahidi. Lakini si uvivu pia. Mtu anayesema mkulima wa Tandahimba ni mvivu namwalika apulize salfa ekari sita kwa wiki moja, kisha turudi kuzungumza.

Nguvu hizi zinaonekana wazi zaidi pale mataifa yanapokaa meza moja. Mwaka 1981 mtu wetu, Salim Ahmed Salim, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na nchi nyingi za Afrika na za dunia ya tatu. Marekani ikampigia kura ya turufu, duru baada ya duru, na China ikamfanyia hivyo hivyo mpinzani wake Kurt Waldheim, mpaka kazi ikaenda kwa mtu wa tatu kutoka Peru. Kura ya nchi moja kati ya tano zilizojipa viti vya kudumu mwaka 1945, wakati sehemu kubwa ya Afrika ikiwa koloni, ilitosha. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo hupiga kura kwa uzito wa mfuko: maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Nyerere alibishana na shirika hilo tangu 1979, akashikilia msimamo miaka kadhaa, na waliokuwepo wanakumbuka maduka matupu na foleni za sabuni. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikasaini. Hata taifa zima linafika mahali haliwezi kungoja.

Tulipoweza kukataa, ukichunguza, palikuwa na mlango wa pili. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, Kenya ikasaini. Watu wakasema Tanzania jasiri, Kenya waoga. Ukweli ni kwamba sisi tumo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru tukisaini tusisaini. Kenya haimo, na maua yake yangetozwa. Ujasiri wetu ulikuwa na godoro chini. Kwenye mitumba, nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuizuia hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru. Tukarudi nyuma wote isipokuwa Rwanda, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa nafuu hiyo. Waliona wanaweza kubeba hasara. Hiyo nayo ni namna ya kungoja.

Kabla sijafika kwenye mashine, kuna jambo moja ambalo mwanao akilisahau hoja yake itachechemea. Pembezoni nako kuna katikati. Mnorwe Johan Galtung aliandika mwaka 1971 kwamba nchi kubwa huishika nchi ndogo kupitia kundi dogo la watu ndani ya nchi ndogo yenyewe, ambao maslahi yao yako karibu na ya kule kuliko ya huku. Sisi watu wa kusini hatuhitaji Mnorwe kutueleza. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2018 ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, ikahamishiwa mfuko mkuu wa Hazina huku wabunge wa kusini wakipiga kelele. Hakuna Mzungu aliyekuwa chumbani.

Na hata kuwa pembezoni hatukuzaliwa nako. Kilwa, hapo mkoani Lindi, iligonga sarafu zake na kushika njia ya dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliusifia uzuri wa mji. Mwaka 1505 Wareno wakaupora. Baada ya hapo sisi ndio tunaochukuliwa vitu. Mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, wa Tendaguru huko Lindi ilibebwa na wapagazi, safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mmoja amesimama Berlin akiwa na urefu unaopita mita 13. Mwaka 1947 Waingereza wakaja Nachingwea kulima karanga ili watu wao wapate mafuta ya kula, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 wakaacha baada ya kupoteza pauni milioni 36. Reli ilikuja kung'olewa. Kama karanga zile zingekuwa za kulisha Nachingwea, reli ingekuwepo mpaka leo? Sijui, lakini ningependa mwanao aandikie insha swali hilo.

Haya, mashine.

Msichukue bado. Wazo si baya, ila sijaona mahali popote kwenye barua yako mlipotaja korosho za kubangua zitatoka wapi na pesa gani. Mashine ndiyo sehemu nyepesi ya biashara hii. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutoka kwenye kilo nne mpaka tano za ghafi. Ili mashine isikae kama pambo kuanzia Machi, mnapaswa kuwa na ghafi ya mwaka mzima stoo ifikapo Januari, mmeilipia kwa bei ile ile ya mnada wanayolipa Wavietnam, ambao wamekopa kwa riba ndogo. Nyinyi mtakopa kwa asilimia 15 au zaidi. Halafu rudi kwenye ungo wa bibi yangu: nzima zinauzwa stendi, vipande vinaliwa na wajukuu. Mashine ya bei poa inavunja sana, na soko linalipa nzima nyeupe. Vipande vinauzwa kwa bei ya kusikitisha. Muuzaji akija, msimuulize inabangua kilo ngapi kwa saa. Muulizeni kati ya kilo mia, ngapi zinatoka nzima, na aonyeshe mbele yenu kwa korosho zenu, si kwa sampuli aliyokuja nayo mfukoni.

Njia ninayoiona ni ya kuanza kidogo, na kwa soko la karibu. Bangueni magunia machache kila msimu, muuze Mtwara mjini, Masasi, Dar es Salaam kwa ndugu na maduka, mkizoea kupanga madaraja, kukausha na kufungasha. Sambamba na hilo, na hili naliona kubwa kuliko mashine, anzisheni mfuko wa mwezi wa nane. Kila mama aweke kiasi wakati wa malipo ya Desemba, mkopeshane Agosti kwa riba ndogo. Mfuko huo hautabadili bei ya dunia hata senti moja. Utawafukuza tu wale wa pikipiki, na korosho zote zitaingia stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza mnadani, mkae mezani na wenzenu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, mkiwa na sauti ya kukubali au kukataa bei. Mfumo ule ulianza kwenye korosho mwaka 2007 kwa lengo hilo hasa: kumpa mkulima siku chache za kungoja. Una makato yanayoudhi na malipo yanayochelewa, nayapinga kila ninapopata nafasi, lakini asiye nao yuko uchi.

Mimi ni mtu wa siasa za kimataifa, si fundi wala mhasibu, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote nendeni ana kwa ana. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara. Wapelekeeni jina na aina ya mashine, waulizeni kuhusu vipuri. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ni watu wa korosho miaka mingi, watawaeleza ubora wa ghafi yenu na jinsi ya kuitunza ikae. Afisa ushirika wa wilaya ausome mkataba wa mkopo, hasa kipengele cha dhamana: kama kimetaja mashamba au nyumba zenu, rudisheni karatasi siku hiyo hiyo. Na kama mkataba umeandikwa kwa Kiingereza kitupu, asiweke mtu dole gumba mpaka mwanao, kwa kuwa yuko likizo, akae na mjomba wake wautafsiri mstari kwa mstari mbele ya kikundi.